TAHADHARI: Fosepsi za kutupa zinauzwa kama za kudumu, wenye zahanati kaeni chonjo

Jamani wenye zahanati na kliniki ndogo, na nyie manesi wenzangu mnaoshinda chumba cha dresingi, kuna muuzaji wa vifaa tiba huko Insta anawapiga watu. Anauza fosepsi (vibano) za kushikia ngozi, zile fupi za sentimita 12 zenye meno tunazotumia kushonea majeraha na kutolea uvimbe mdogo mdogo, anasema ni za kudumu, unatakasa unatumia miaka, kumbe ni zile za kutumia mara moja na kutupa. Mzigo wake umekuja kwetu na umekuja kwa jirani zetu na ni ule ule.

Anavyofanya ni hivi. Picha zote kalaza vifaa juu ya kitambaa cha kijani vinang'aa balaa, bei karibu nusu ya dukani, ukimuuliza ubora anakutumia video kaweka sumaku haigandi halafu anakwambia unaona dokta, hii stenlesi orijino. Sasa hapo ndo watu wanapoliwa. Stenlesi inayotumika sana kwenye fosepsi na mikasi, mfano daraja la 420, ni ile inayokazwa kwa moto na sumaku inaigandia vizuri tu. Isiyogandia kama 304 ndo hiyo ya masinki na masufuria, kutu haipati kirahisi lakini ni laini, ncha zinapinda. Na chuma cha kawaida kilichopakwa kromu nacho kinagandia, kwa hiyo sumaku peke yake haikuthibitishii ubora. Kichekesho ni kwamba mzigo tulioletewa sisi unagandia, yaani hata hiyo video si ya vitu anavyouza!

Dokta wetu aliagiza sampo kwanza, zikaja nzuri, nzito, meno yanakutana. Mzigo mkubwa ulivyokuja kwa basi ni vitu vingine kabisa, vyepesi, na karibu na mkia kwenye kila moja kuna sehemu imesuguliwa na jiwe. Nikajiuliza wamefuta nini hapo, mpaka nikakuta moja hawakuisugua vizuri, alama bado inaonekana: namba 2 ndani ya duara imepigwa mstari. Kwa asiyeijua, hiyo ndo alama ya dunia nzima ya usirudie kutumia. Zimetolewa kwenye pakiti zake, zikafutwa, zikawekwa kwenye vifuko vipya vya plastiki.

Baada ya kupita kwenye otoklevu, ile mashine ya kutakasa kwa mvuke, mara chache, nyuzi 121 kama kawaida, kutu ikaanza kwenye meno na pale kwenye weldi ya mkia, nyingine zikalegea ukiibana hairudi. Meno nayo hayalali pamoja, jino moja linatakiwa liingie katikati ya yale mawili ya upande wa pili, hapa linapanda juu ya mwenzake, ukishika ngozi ya mtu unaichana. Na kutu ikishachimba vishimo damu inakaa humo, brashi haifiki, hapo unatakasa nini sasa?

Tulivyompigia akaja na jibu moja tu, mmeloweka kwenye Jiki. Mtalisikia na nyie. Ni kweli klorini inakula chuma, na kulaza vifaa humo usiku kucha ni kuviua, tena mwongozo wa WHO wa 2016 haushauri kuloweka kwenye dawa kabla ya kuosha. Lakini sisi hizi hazikugusa Jiki, zilioshwa kwa sabuni, na fosepsi zetu za zamani zilizopita njia ile ile, otoklevu ile ile, hazina hata doa. Akasema vifaa vya hospitali havirudishwi, akablok. Malipo yalienda namba ya simu ya mtu binafsi, risiti ya EFD hakuna. Ukurasa kabadilisha jina, kitambaa cha kijani ni kile kile.

Kabla hujalipa mtu, kagueni mzigo wenyewe, msikague sampo. Funga fosepsi taratibu uiangalie kwenye mwanga, ncha zikutane na zikiachia zisinase, halafu kaza vidole, zisipanuane. Ipitishe kwenye gozi ya kufungia vidonda, ikivuta nyuzi ina makwaruzo. Chemsha moja nusu saa kwenye maji ya distili, iache ipoe humo humo masaa kadhaa, itoe ikauke yenyewe. Ukiona doa la kahawia lifute kwa ufutio wa penseli, likitoka na chini ni laini hilo ni doa tu, likiacha kishimo ni kutu, rudisha. Tafuta jina la kiwanda na namba ya bidhaa kwenye chuma chenyewe. Maandishi ya "German Stainless" peke yake yasikutishe, hayamaanishi imetengenezwa Ujerumani, na wala sisemi za Pakistani ni mbaya, mji wao wa Sialkot wanatengeneza vifaa vya dunia nzima na vizuri tu vipo tele. Tatizo ni huyu mtu kufuta alama.

Ambao mshapokea, msizitupe wala msimuuzie mwingine kwa bei ya hasara, maana naona kuna watu washaanza hilo. Zitoeni kwenye trei, ziwekeni pembeni na vifuko vyake, piga picha hiyo sehemu iliyosuguliwa, tunza meseji za malipo na stakabadhi ya mzigo wa basi, halafu pelekeni ofisi ya TMDA (Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba) ya kanda yenu. Sisi tumeshapeleka zetu, na wakipata za sehemu nyingine zenye mkwaruzo ule ule hatakuwa na pa kusingizia Jiki.