Kupimwa macho na kupata cheti sahihi cha miwani: uzoefu wangu Dar es Salaam

Maduka mengi ya miwani hapa Dar es Salaam hutangaza kupima macho kwa kompyuta bure, na kikaratasi kinachotoka kwenye mashine hiyo ndicho baadhi ya wateja hutengenezewa miwani. Nilivaa miwani ya namna hiyo kwa muda. Herufi nilikuwa nazisoma, lakini kila ikifika jioni kichwa kiliuma. Ndipo nikaamua kulipia huduma ya mtaalamu wa optometria (upimaji wa macho) aliyesajiliwa, katika kliniki ninayoieleza hapa.

Huko nako walianza na kompyuta, ila mtaalamu alisema majibu yake ni ya kuanzia tu. Kwa jicho la kulia mashine ilitoa nguvu ya lenzi ya −1.75, naye alipomaliza kazi yake alibakiza −1.25. Alinieleza kwamba mtu anapochungulia ndani ya mashine, jicho huweza kujikaza kama linalotazama kitu cha karibu, na mkazo huo ukahesabiwa kuwa ni udhaifu wa kuona mbali. Alinivisha fremu nzito ya majaribio, akawa anachomeka na kuchomoa lenzi, akipanda au kushuka kwa robo dayopta (kipimo cha nguvu ya lenzi), yaani 0.25, huku akiniuliza swali ambalo sikuwahi kuulizwa dukani: herufi zimekuwa wazi zaidi, au zimekuwa ndogo na nyeusi zaidi tu? Mara kadhaa jibu la kweli lilikuwa hilo la pili, na kila mara aliirudisha lenzi ya awali. Mwishoni alinitoa hadi barazani, nikiwa na fremu ile usoni, nisome mabango ya ng'ambo ya barabara.

Cheti alinisomea mstari kwa mstari. OD ni jicho la kulia na OS ni la kushoto. SPH ni nguvu ya lenzi, ambapo alama ya kutoa ni ya asiyeona mbali vizuri. CYL hurekebisha jicho ambalo mviringo wake haulingani pande zote, na AXIS ni mwelekeo wa marekebisho hayo, kuanzia nyuzi 1 hadi 180. ADD ni nyongeza ya kusomea kwa sisi tuliovuka miaka 40.

Nilikuwa pia na cheti cha hospitali kilichoandikwa −2.00, +0.75, nyuzi 80, wakati hiki kipya kilisema −1.25, −0.75, nyuzi 170. Nilidhani mmoja wao amekosea, kumbe ni lenzi ile ile iliyoandikwa kwa mitindo miwili: unajumlisha namba mbili za kwanza kupata SPH mpya, unageuza alama ya CYL, kisha unasogeza AXIS kwa nyuzi 90. Maelezo hayo peke yake, kwangu mimi, yalistahili ada niliyolipa.

Lawama yangu ni kwamba umbali kati ya mboni za macho, PD, haukuandikwa hadi nilipouomba. Bila kipimo hicho fundi hukadiria mahali pa kuweka kitovu cha lenzi, na kitovu kikipotoka macho huchoka hata kama namba nyingine zote ni sahihi. Foleni ya Jumamosi nayo ni ndefu mno. Miwani ilipokuwa tayari niliomba ipimwe kwenye mashine ya kusomea lenzi mbele yangu. Walikubali bila kununa, na namba zililingana na cheti. Tangu hapo kichwa hakijauma.

Baadaye nilimpeleka mama, ambaye ana kisukari. Walimpima, wakachunguza na sehemu ya nyuma ya jicho, lakini hawakumwandikia miwani, kwa kuwa sukari yake ilikuwa imepanda na sukari inayoyumba huyumbisha pia vipimo vya macho. Fremu alikuwa ameshaichagua. Waliiweka kando kwa jina lake, wakamwambia arudi kupimwa upya sukari ikishatulia.