Mwaka na nusu na rodi za daraja D: nilitaka kuzirudisha, nimeishia kuagiza nyingine

Nianze na hukumu, maelezo yafuate. Nazipa nyota nne kati ya tano, na hiyo moja iliyokosekana wameipoteza wauzaji, si rodi zenyewe. Ungeniuliza mwezi wa nne baada ya kuzishusha kisimani, ningetoa nyota moja, tena kwa shingo upande.

Kwa asiyezijua, rodi za pampu ni fimbo za chuma zinazounganisha ule mtambo unaoinama na kuinuka juu ya kisima cha mafuta, wenye kichwa kama cha farasi, na pampu iliyoko chini kabisa ndani ya bomba. Ukizikuta zimepangwa ghalani utadhani ni nondo za ujenzi. Tazama ncha zake ndipo utaona tofauti: kuna pini yenye hesi, nyuma yake bega bapa lililochongwa likang'aa, kisha sehemu ya mraba ya kushikia spana. Rodi moja ina futi 25, yaani mita 7.62, na huunganishwa na mwenzake kwa kapulingi, kipande kifupi cha bomba chenye hesi ndani.

Farasi akiinua kichwa, rodi zinavuta pistoni, gololi ya vali ya juu inakaa kwenye kiti chake na mafuta yote yaliyo juu yake yanapanda. Wakati huohuo vali ya chini inafunguka, silinda inajaa upya. Akiinama, vali zinabadilishana zamu. Kule chini hakuna injini wala waya wa umeme. Nguvu yote inapita kwenye hizo fimbo.

Pampu yetu iko mita 1,500 chini. Tulishusha rodi 197: 80 za inchi 7/8 sehemu ya juu na 117 za inchi 3/4 sehemu ya chini. Nene hukaa juu kwa sababu rodi ya juu kabisa inawabeba wenzake wote. Seti hii ina uzito unaozidi tani nne, na hapo mafuta bado hujayahesabu. Jambo lililonishangaza nilipoingia kazini ni kwamba chuma hiki kinanyumbuka. Kwa pampu ya milimita 38 kama yetu, mzigo wa mafuta unazirefusha rodi karibu sentimita 40. Juu unaona farasi kaanza kupanda, kumbe kule chini pistoni haijatikisika.

Tulichagua daraja D baada ya kuchoshwa na rodi za daraja C zilizokuwa zinakatika mara kwa mara. Chuma cha C huvumilia kuvutwa hadi angalau paundi 90,000 kwa inchi ya mraba kabla ya kukatika, cha D hadi angalau 115,000. Usinakili uamuzi wetu kama kisima chako kina ile gesi inayonuka mayai viza. Kadiri chuma kinavyokuwa kigumu ndivyo gesi hiyo inavyokipasua kwa urahisi. Kisima chetu hakina.

Mzigo ulipofika ndipo wauzaji walipoipoteza nyota yao. Rodi zilikuwa zimefungwa kwa mnyororo moja kwa moja juu ya chuma, bila mbao kati ya tabaka na tabaka. Kofia za plastiki za kukinga hesi zilikuwa zimedondoka kwenye rodi kumi na kitu, na sita zilikuwa zimepinda. Dereva akasema, "Kaka, hizo zinanyooshwa tu, mbona kitu kidogo." Hazinyooshwi. Rodi iliyopinda ikanyooshwa inabaki na jeraha ndani, na hapo ndipo itakapokatikia. Hata alama ya mnyororo, mkwaruzo ambao kucha inaweza kuusikia, ni mwanzo wa ufa. Sita hizo tulizikataa, na kuzibadilisha kulichukua wiki tatu za simu.

Tukashusha, mtambo ukaanza kwa mipigo 8 kwa dakika, mafuta yakaja vizuri. Mwezi wa nne, alfajiri, mlinzi akanipigia: "Mzee, mashine inapepesuka." Nilipofika, farasi alikuwa anaanguka kwa kishindo upande wa mizani, yale mavyuma mazito ya nyuma yanayosawazisha mzigo, na kwenye bomba la juu hakukuwa na tone. Mzigo ulikuwa umemtoka kichwani ghafla. Rodi imekatika.

Tulivua siku mbili. Unashusha kifaa chenye meno ya ndani, unapapasa gizani kwenye kina cha zaidi ya kilomita moja mpaka kiumeze mkia wa rodi uliobaki. Kilipopanda nao, nilikuwa nimeshaandika kichwani barua ya kudai fedha zetu.

Kisha nikaliona lile vunjiko. Halikuwa kwenye mwili wa rodi. Pini ilikuwa imekatika kwenye mzizi wa hesi, ndani ya kapulingi. Nusu ya uso wa vunjiko ilikuwa laini, yenye mistari ya nusu mwezi iliyofuatana kama alama za maji ufukweni. Nusu nyingine ilikuwa ya kukwaruza, ya chembechembe. Sehemu laini ndiyo ufa uliokuwa unatambaa polepole kwa wiki nyingi, na ile ya kukwaruza ni dakika ya mwisho, chuma kilichobaki kiliposhindwa. Bega la rodi, ambalo lilipaswa kubana uso wa kapulingi bila kusogea hata unywele, lilikuwa limesuguliwa hadi kumetameta upande mmoja. Maana yake lilikuwa linacheza.

Nilimpigia fundi wa upande wa wauzaji nikiwa na hasira. Alinisikiliza hadi mwisho, kisha akauliza swali moja: "Mlikaza kwa kadi au kwa sikio?"

Tulikaza kwa sikio, yaani kwa mlio wa koleo la haidroliki. Asubuhi tulilipima likiwa sawa, hatukulipima tena. Mafuta yake yakapata joto mchana kutwa, nguvu ikabadilika, na hakuna aliyejua. Njia yenyewe ni rahisi hadi inaudhi: unafunga kwa mkono mpaka bega liguse kapulingi, unachora mstari mmoja wa kalamu unaopita juu ya vyote viwili, unakaza kwa koleo, kisha unaweka kadi, kipimo kidogo chenye alama ya umbali unaotakiwa, na kuona mstari umeachana kwa kiasi gani. Kwa ukubwa wa rodi zetu ni milimita chache, hazifiki kumi. Pungufu, ungio litacheza. Kupita kiasi, umeshaivuta pini mno. Tulikuwa na kapulingi karibu 200, kila moja ina nyuso mbili zilizokazwa, na kwa mipigo 8 kwa dakika kila uso unavutwa na kulegezwa mara 11,520 kwa siku. Moja tu ikilegea, nyingine zote hazina maana.

Nilirudi kuzikagua zilizotolewa. Tatu zaidi zilikuwa na bega lililosuguliwa. Moja ilikuwa na chembe ya mchanga iliyogandia kwenye grisi, hapohapo usoni. Kapulingi mbili zilikuwa na alama za nyundo, na hizo najua zilitoka wapi. Kuna mzee wetu wa zamu, fundi hodari, ambaye kapulingi ikigoma kufunguka huigonga. "Mwanangu, chuma hubembelezwa kwa chuma," husema. Sasa ikigongwa inakwenda kwenye vyuma chakavu, na nyundo nimeifungia kwenye kabati.

Ile barua sikuituma.

Tuliposhusha tena, tulisafisha kila pini kwa brashi, tukapaka kilainishi kidogo (si kuzamisha), na tukapima kwa kadi rodi kumi za kwanza zote, kisha kila baada ya kumi, na upya kila baada ya mapumziko. Kazi ya siku moja ikawa siku moja na nusu, na vijana walinuna. Tangu hapo hakuna rodi iliyokatika, na seti imeshavuta zaidi ya mara milioni 5.

Lawama moja ya haki kwa bidhaa: kapulingi za kawaida zilizokuja na seti hazikufaa mahali ambapo kisima chetu kinajikunja. Zililika upande mmoja zikawa kama kipande cha mwezi, na bomba nalo likapata mfereji. Hapo tumeweka zenye ngozi ngumu ya chuma kilichonyunyizwa, pamoja na vishikizi vya plastiki vya kuziweka rodi katikati ya bomba.

Kuna wanaoniuliza kuhusu rodi za nyuzi za kioo. Nimezitumia kwingine: nyepesi ajabu, hazishiki kutu, lakini hazivumilii kusukumwa. Pampu isipojaa na pistoni ikatua juu ya mafuta kwa kishindo, zinapasuka. Zile ndefu zinazokunjwa kwenye gurudumu bila kapulingi sijazishika, ila kwa visima vilivyopinda nazitamani. Na ukidhani chuma kinasumbua, kumbuka zamani rodi zilikuwa za mbao. Za chuma tupu Samuel Jones alizipatia hataza mwaka 1894, na baadaye, akiwa tayari tajiri, akawa meya wa Toledo, Marekani.

Kisima cha jirani kinapata seti ileile wiki ijayo. Safari hii nimeandika kwenye oda: mbao kati ya tabaka, kofia kila ncha, mkaguzi wetu awepo kabla gari halijaondoka. Kadi iko mfukoni, na kalamu mbili, maana ya kwanza huwa inazibwa na grisi kabla ya saa nne.