Sony UBP-X800M2 kama deki ya SACD: angalia matundu ya nyuma kwanza

Ukiulizia Kariakoo deki ya sauti ya kiwango cha juu, utaletewa chochote chenye neno 4K kwenye boksi. 4K ni habari ya picha. Kwa sauti, la kuangalia ni deki inasoma diski zipi, na kubwa zaidi, data inatokea tundu gani.

SACD (Super Audio CD, diski ya muziki yenye ubora kuliko CD), iliyoletwa na Sony na Philips mwaka 1999, hubeba sauti ya kidijitali ya aina ya DSD: biti 1 inayochukuliwa mara milioni 2.8224 kwa sekunde, yaani mara 64 ya kHz 44.1 za CD. Kwa sababu ya ulinzi wa hakimiliki, DSD hiyo hairuhusiwi kutoka kwa koaksia (waya wa sauti ya kidijitali wa tundu moja) wala kwa waya wa mwanga. Hupita HDMI, au nyaya maalumu za kampuni zinazouza deki na DAC (kifaa cha kugeuza data ya kidijitali kuwa sauti) kwa jozi. Hapo ndipo pesa za wengi zinapopotea. SACD nyingi zina matabaka mawili, na lile la CD husomwa na deki yoyote. Mtu anaunga DAC yake kwa koaksia, muziki unalia safi, naye anaamini anasikiliza SACD kumbe ni CD ileile.

X800M2 ina HDMI mbili, moja ya picha na sauti, ya pili ya sauti tu, pamoja na koaksia moja. Inasoma CD, SACD, DVD-Audio na Blu-ray, na faili za DSD na FLAC (muziki uliobanwa bila kupoteza ubora) kwenye fleshi. Haina matundu ya analogi, yale mekundu na meupe, kwa hiyo usiipeleke kwenye amplifaya ya kizamani ukitegemea itaunga. Kero yake kubwa ni kukosa kioo cha maandishi mbele: TV ikizimwa, hujui uko wimbo wa ngapi. Hata hivyo, kwa mwenye risiva (amplifaya ya kisasa) ya HDMI, ndiyo ya kununua. Panasonic DP-UB9000 ni ghali zaidi na imeundwa kwa chuma cha maana, lakini SACD haisomi kabisa.

Ukishaiunga, ingia kwenye mipangilio. "DSD Output Mode" iwe "Auto". "BD Audio MIX" izimwe, la sivyo deki huchanganya sauti za ziada kabla ya kutoa, na risiva haipati mkondo halisi wa Blu-ray. Kwenye mipangilio ya muziki, chagua tabaka la SACD badala ya CD, kisha chaneli 2 au zaidi kulingana na spika zako. Weka diski, tazama kioo cha risiva. Kikiandika DSD, mambo sawa. Kikiandika PCM (sauti ya kidijitali ya kawaida, kama ya CD), ama mpangilio umezimwa ama risiva haipokei DSD, na deki imegeuza yenyewe. Si janga: risiva nyingi hugeuza DSD kuwa PCM zenyewe pale unapowasha urekebishaji wa sauti ya chumba.

Mwenye stereo ya spika mbili na DAC isiyo na HDMI aachane na SACD. Achukue deki ya CD tupu kama Cambridge Audio CXC au Audiolab 6000CDT, aunge koaksia, na faili za sauti ya kiwango cha juu azichezeshe kwa kompyuta.

Deki za mtumba zina mitego yake. Soma kibandiko cha nyuma: ya Japani huandikwa V 100, na umeme wa TANESCO wa V 230 utaiunguza bila transfoma ya kushusha. Mashine iliyokaa karibu na bahari, Kigamboni au Msasani, kagua kutu kwenye matundu. Wala usikubali kujaribiwa kwa CD pekee. CD husomwa kwa leza ya nanomita 780, SACD kwa ya 650, kwa hiyo deki inaweza kucheza CD siku nzima huku jicho la SACD limechoka. Nenda na SACD yako, maana dukani huenda wasiwe nayo, na uruke moja kwa moja hadi wimbo wa mwisho: diski husomwa kutoka katikati kwenda ukingoni, na jicho dhaifu huanza kukwama huko nje.