Akaunti ya dola niliyoiacha Kigoma: kabla hujapanda ndege, waulize swali moja tu

Naandika hii nikiwa na hasira. Nasema mapema ili asiyependa kelele apite. Ndugu zetu kadhaa wa Kigoma wamepata kazi za Ghuba siku hizi, na kila anayenipigia anauliza lilelile: nifungue akaunti gani kabla sijaondoka? Ya shilingi, ya dola, au ile wanayoiita ya diaspora, ya Watanzania walio nje? Makato sitayagusa, yapo kwenye tovuti za benki na kwenye mabango ukutani. Ninachotaka kusema mimi hakijabandikwa popote.

Nilichukua ya dola, na ya shilingi pembeni yake, kwenye benki moja kubwa, tawi la pale mjini. Sababu nilikuwa nazo. Riyali ya Qatar, ninakofanya kazi, imefungwa kwenye dola tangu 2001, riyali 3.64 kwa dola moja, kwa hiyo nikaona nitume dola ikae dola, nibadilishe shilingi pale tu fundi anapotaka saruji. Na mawakala wao wamejaa, kuanzia Mwanga hadi Ujiji. Binti aliyenifungulia alikuwa mchangamfu. Akachukua namba ya NIDA, alama za vidole, barua ya mtendaji, akaniwekea programu kwenye simu palepale na kuniambia, "Kaka, ukifika huko kila kitu kiganjani." Na kweli, miezi ya mwanzo kila kitu kilikuwa kiganjani. Nikawa naipigia debe ile benki kambini bila hata kulipwa.

Halafu nikabadilisha simu.

Programu kwenye simu mpya inataka ithibitishe kwamba ni wewe, kwa hiyo inatuma tarakimu sita kwenye laini yako ya Tanzania. Laini yangu ilikuwa hai, ina salio, inasoma mtandao wa huku. Ujumbe wa shemeji anayeomba hela ya mbolea unaingia. Ujumbe wa kampuni ya simu wa kunikaribisha Qatar unaingia. Tarakimu sita za benki haziingii. Naomba tena, kimya. Mwisho programu ikajifunga yenyewe, ikaniandikia nifike tawi lililo karibu nami. Karibu nami! Niko Doha.

Nikatafuta huduma kwa wateja. Ile namba ya bure waliyoiandika nyuma ya kadi, ukiipiga kutoka nje ya Tanzania haiendi popote. Nikapata nyingine ya kulipia, nikasikiliza muziki wao hadi salio likakaribia kuisha, ndipo kijana mmoja mstaarabu akapokea. Akasema dawa ni kubadilisha namba ya simu kwenye akaunti, niweke ya Qatar. Inafanyikaje? "Unafika kwenye tawi ulilofungulia akaunti, ukiwa na kitambulisho halisi." Nikamwambia tawi hilo liko Kigoma. Akasema, "Pole sana, mteja wetu."

Hapa ndipo anapoingia mjomba. Mjomba ni mstaafu wa reli, mtu wa kupiga pasi shati hata akiwa anakwenda sokoni kununua mawese. Nikamtumia barua ya uwakilishi yenye muhuri wa ubalozi wetu Doha, nakala ya pasipoti na nakala ya kibali cha ukaazi. Ijumaa huku ni mapumziko na kule ni siku ya kazi, na saa zetu ni zilezile, kwa hiyo tukakubaliana aingie benki akiwa amenipigia WhatsApp, simu aiache hewani kwenye mfuko wa shati. Akiulizwa jambo gumu, mimi nipo.

Ndiyo maana nilisikia kila kitu. Nilisikia mashine ikiita namba, dirisha namba mbili, dirisha namba mbili, asubuhi nzima. Nilisikia zamu yake ilipofika, akakaa, dada wa dawati asimwamkie. Shikamoo hakuna. Mjomba ndiye akaanza, "Hujambo, mwanangu," akajibiwa, "Eeh, nikusaidie nini?" Akaeleza taratibu, akianzia mbali kidogo kama kawaida yake. Karatasi zikachakacha. Kisha nikasikia, wazi kabisa: "Mzee, haya mambo ya mtandao ningekueleza kama ungekuwa unaelewa. Mwenye akaunti aje mwenyewe."

"Yuko Uarabuni, mama."

"Basi akirudi."

Ikaitwa namba nyingine.

Kama ungekuwa unaelewa. Huyu mzee kazi yake ilikuwa kuhakikisha treni mbili hazikutani kwenye reli ya njia moja kati ya Uvinza na Kigoma. Abiria walilala usingizi usiku mzima, na wengine walikoroma, kwa sababu kuna mtu stesheni anaelewa. Leo anaambiwa haelewi kubadilisha namba ya simu! Na aliyemwambia hakuisoma hata ile barua. Nimemuuliza mjomba, kasema aliigeuza tu kuangalia nyuma kama kuna kitu. Nje ya mlango mjomba akatoa simu mfukoni, akasema, "Nadhani umesikia," akakata.

Jioni ile niliandika barua pepe makao makuu. Sikutukana, ingawa nilikuwa nayo matusi ya kutosha. Nilitaja kanuni za Benki Kuu za 2019 za kumlinda mtumiaji wa huduma za fedha, kwamba benki isiposhughulikia lalamiko lako unaruhusiwa kulipeleka Benki Kuu. Majibu yalikuja upesi kuliko nilivyowahi kujibiwa na mtu yeyote wa ofisi. Kumbe fomu ipo! Unaijaza, unasaini, unaituma, kisha wanakupigia kwa video. Bwana mmoja wa Dar es Salaam akaniambia nishike pasipoti kando ya uso, akaniuliza maswali mawili matatu, akaniombea radhi kwa yaliyompata mjomba, na namba ya Qatar ikawa imeingia. Chai niliyokuwa nimemimina ilikuwa bado ya moto.

Sasa niseme nini? Nilikuwa nimeandika hapa kwamba msiiguse kabisa benki hiyo. Nimefuta. Kwa haki, tangu siku hiyo programu haijanisumbua, dola zangu zipo, na mawakala wa Ujiji wanamtolea mama hela hata jioni.

Lakini hebu ngoja. Kama fomu ipo, kwa nini dawati la Kigoma halikuitaja? Kwa nini yule kijana wa simu hakuitaja? Na muda wote nilipofungiwa nje, makato ya mwezi yalikuwa yanakatwa bila kukosea tarehe. Mimi siingii, makato yanaingia. Fundi aliondoka kwenda kwenye kazi nyingine Gungu, masika ikanyesha ndani ya nyumba yangu isiyo na bati. Hapo nilikuwa natumia duka la kubadilishia fedha, hela inaingia moja kwa moja kwenye simu ya mjomba kwa shilingi, kwa bei wanayotaka wao.

Kwa hiyo wewe unayeondoka, usihangaike sana na mshahara utalipiwa wapi. Qatar tangu 2015 sheria inamtaka mwajiri alipe kwa kupitia benki ya huko, akaunti utaipata ukifika. Ya nyumbani ni mahali pa kutulia fedha tu. Ukienda kutuma watakuuliza IBAN, ile namba ndefu ya akaunti ya kimataifa. Tanzania hatuitumii, wape namba ya akaunti na msimbo wa SWIFT, unaoitambulisha benki yako. Na usimpe aliyebaki nyumbani barua mkononi, mwongeze kabisa kama msaini wa akaunti kabla hujaondoka. Mwenzangu mmoja wa Kasulu alifungua ya diaspora kwenye benki nyingine akaandikisha namba ya Qatar tangu mwanzo. Yeye analalamikia benki ya katikati, ile inayopitisha hela kati ya benki mbili, inayomkata dola zake njiani, lakini hajawahi kufungiwa nje.

Swali lenyewe ni hili, mwulize aliye dawatini ukiwa bado umekaa mbele yake: nikiwa nje ya nchi, namba ya simu naibadilishaje? Akikwambia utapita tu tawini, chukua NIDA yako uvuke barabara uende kwa jirani yake.

Nilianza na nyota moja, nikapandisha hadi tatu kwa heshima ya yule bwana wa video. Juzi nikamwomba mjomba anipitie pale anichukulie kadi mpya, maana barua ya uwakilishi wanayo. Akaniuliza, "Ya nani hiyo kadi?" Yangu, mjomba. Akasema, "Basi ukirudi."

Nyota moja.