"Miguu ni ileile, kasi itoke wapi?" Uzoefu wangu na baiskeli ya mtumba

"Ticha, baiskeli haina injini hiyo. Inasukumwa na miguu hiyohiyo unayokimbilia. Sasa hiyo kasi zaidi unataka itoke wapi?"

Nimeyaandika kama yalivyotamkwa, maana nimeyabeba kifuani wiki kadhaa sasa. Niliambiwa na muuza baiskeli za mtumba hapa Tanga, mbele ya wateja watatu na mwanafunzi wangu wa kidato cha tatu aliyekuja kuziba pancha. Mimi nafundisha fizikia. Yule kijana aliinamisha kichwa akajifanya anatafuta vali ya tairi lake. Afadhali angecheka.

Duka silitaji jina. Nilikaa kuandika nikiwa na neno moja tu la kuwaambia: msikanyage pale. Huenda nikalisema bado.

Kisa chenyewe ni hiki. Kwa miaka mingi nimekuwa nikikimbia alfajiri na jirani yangu, kutoka Mabawa kwenda Raskazone na kurudi. Goti la kulia likaanza kulalamika, kwanza kwenye ngazi, halafu hata kwenye kuinuka baada ya kusujudu. Nikaona ninunue baiskeli. Huu mji ni tambarare na watu wake wanapanda baiskeli tangu utoto. Nani asiyejua kwamba mwenye baiskeli humpita mkimbiaji? Nikatoa laki moja na themanini bila kuvutana sana, muuzaji akapangusa fremu kwa kitambaa chenye oili, ikang'aa, nikaondoka nayo nimefurahi kama mtoto wa Idi.

Asubuhi yake tukatoka pamoja, yeye kwa miguu, mimi juu ya baiskeli. Upepo wa kusi ulikuwa umeshaamka. Tulipokaribia baharini jirani alikuwa mbele yangu. Mbele! Akageuka, akawa anakimbia kinyumenyume ananitazama, akaniuliza kwa huruma ya kweli, "Jirani, unaumwa?" Mapaja yalikuwa yanawaka moto na jasho limeniingia machoni. Sikuwa naumwa. Nilikuwa nasukuma kitu kisichotaka kwenda.

Ndiyo siku niliyorudi dukani, nikaeleza kwa adabu kwamba baiskeli ni nzito, haitembei, na nikapewa jibu lile. Sikuomba kurudishiwa fedha. Niliomba aitazame tu. Hakuinuka hata kwenye kigoda. Na kilichoniuma zaidi ni kwamba sikumjibu. Nilifungua mdomo, nikaufunga, nikaikokota baiskeli mpaka nyumbani nayo inalia kwi, kwi, kwi njia nzima.

Sasa namjibu hapa. Swali lake, ukiliondoa ufedhuli, ni swali zuri kuliko mengi ninayoulizwa darasani. Miguu ni ileile kweli. Moyo ni uleule, mapafu ni yaleyale, chai na chapati ya asubuhi ni ileile. Baiskeli haikuongezei hata chembe ya nishati. Lakini tazama: mwaka 2020, mjini Brussels, Mo Farah alikimbia saa 1 kamili uwanjani akafikisha kilomita 21.330. Mwaka 2022, kule Grenchen, Uswisi, Mwitaliano Filippo Ganna alipanda baiskeli saa 1 kamili, naye akafikisha kilomita 56.792. Wote ni binadamu waliofika mwisho wa uwezo wa binadamu, na muda ni uleule. Tofauti ya kilomita 35 imetoka wapi? Imetoka kwenye kile ambacho mkimbiaji anakimwaga njiani na mwendesha baiskeli hakimwagi.

Shika ndoo ya maji, unyooshe mkono mbele, usimame tu. Ndoo haiendi popote. Kwa hesabu za fizikia kazi uliyofanya juu ya ndoo ni sifuri, lakini dakika haiishi mkono unatetemeka. Misuli inakula nishati hata inaposhikilia tu. Mkimbiaji ndiyo maisha yake hayo: ni mtu anayejirusha hewani na kujidaka, hatua baada ya hatua. Kila anapotua, ardhi inampokea kwa kani inayofika mara 2 hadi 3 ya uzito wake, na goti langu ni shahidi wa hilo. Tena mguu hutua mbele kidogo ya mwili, kwa hiyo kwa kitambo kile kifupi ardhi inamsukuma nyuma. Anajifungia breki, halafu anatoa nguvu upya kuirudisha kasi aliyoipoteza. Kano ya kisigino humrudishia sehemu ya nishati kama mpira wa manati, ila ni sehemu tu. Iliyobaki inageuka joto na jasho. Na bado ana kazi ya kuurusha mguu mbele, kuusimamisha na kuurudisha nyuma, maelfu ya mara.

Panda baiskeli, uone mangapi yanaondoka. Uzito wako umebebwa na siti na magurudumu, misuli haina tena kazi ya kukushikilia usianguke. Mguu mmoja ukishuka mwingine unapanda, uzito wa huu unaunyanyua ule. Gurudumu linabingirika, halitui kwa kishindo, kwa hiyo kasi uliyoinunua inabaki mkononi mwako. Mkimbiaji akiacha kusukuma anasimama ndani ya hatua mbili tatu. Mwenye baiskeli akiacha pedeli anaendelea kuteleza, anapunga mkono, anamwamkia mzee barazani, bado anakwenda.

Halafu kuna meno, na hapa nawaomba mnivumilie, kwa sababu hili ndilo ninalolipenda. Niliyahesabu mwenyewe nikiwa na chaki: 44 mbele, 18 nyuma. Ukizungusha pedeli mara moja, gurudumu la nyuma linazunguka karibu mara mbili na nusu. Mzingo wa tairi ni kama mita 2.1. Kwa hiyo pedeli mzunguko mmoja, baiskeli zaidi ya mita 5. Unyayo wangu katika mzunguko huo umesafiri mita 1 na kidogo tu! Mguu unakwenda mita moja, mwili unakwenda tano. Zungusha mara 60 kwa dakika, mwendo ambao mtu anaweza kuimba nao, tayari uko kilomita 18 kwa saa. Mkimbiaji hana bahati hiyo: akitaka mwili uende kilomita 18 kwa saa, unyayo uliokanyaga chini lazima urudi nyuma yake kwa kasi hiyohiyo, na misuli ikilazimishwa kujikunja haraka namna hiyo hudhoofika. Bure haipo, bila shaka. Ulichopata kwenye umbali unakilipa kwenye kani, mara tano. Lakini baiskeli nzima kwenye lami tambarare hukinza kidogo sana, hivyo hata mara tano yake mguu wa mtu wa kawaida unaimudu. Ndiyo maana kilomita moja ya baiskeli kwa mwendo wa wastani hugharimu kati ya robo na theluthi ya nishati ya kilomita moja ya kukimbia.

Basi kasi inatoka hapo, ndugu muuzaji. Haitoki kwenye injini.

Na ukinibana: mbona Ganna hakumzidi Farah mara nne, kama gharama ni robo? Jibu ni hewa. Ukiongeza kasi mara 2, hewa inakukinza mara 4, na nguvu ya kuishinda inapanda mara 8. Kwa mkimbiaji hewa ni usumbufu mdogo. Kwa mwenye baiskeli anayekwenda mbio ndiyo adui mkubwa, na kusi likivuma usoni Raskazone unalielewa hilo bila ubao wala chaki. Kwenye mchanga wa ufukweni napo mkimbiaji anakushinda, maana gurudumu linazama na kila mzunguko unapanda kilima kipya. Hayo nayakubali. Ila sikuwa kwenye mchanga siku ile. Nilikuwa kwenye lami.

Aliyenionyesha kilichokuwa kinaniibia ni fundi mmoja mzee wa Ngamiani, anayekaa chini ya mwarobaini na sanduku la spana. Nilimwamkia, "Shikamoo mzee," akaitikia marahaba huku macho yake yako kwenye baiskeli, si kwangu. Hakuniuliza nimeinunua wapi. Aliipindua, akalisukuma gurudumu la nyuma kwa kidole. Lilizunguka mara moja na nusu, likasimama. Akanitazama usoni kwa mara ya kwanza. "Mwanangu, hii ulikuwa unaiendesha?"

Raba za breki zilikuwa zimeng'ang'ania rimu muda wote. Yaani zile breki za mkimbiaji nilizozieleza hapo juu, mimi nilikuwa nazo zimefungwa bila kuachiwa. Cheni ilikuwa kavu, ina kutu ndani ya viungo, imepakwa oili juu tu ili ing'ae. Gololi za nyuma zilikuwa zinasagana bila grisi, mbili zimepasuka. Tairi zilikuwa laini, unazibonyeza kwa gumba zinaingia. Tairi laini linapobingirika linajikunja na kujikunjua, na kila mkunjo raba inapata joto, joto ambalo limetoka kwenye mapaja yangu. Siti ilikuwa chini mno, goti halinyooki, ndiyo maana lile la kulia lilizidi kuuma. Nishati yote ambayo baiskeli imeundwa kuiokoa, ile baiskeli ilikuwa inaimwaga kwa njia nyingine.

Mzee alifanya kazi kama saa moja na nusu. Akanitoza elfu nane pamoja na gololi mpya na raba za breki, akakataa nyongeza. Alipomaliza alilisukuma tena gurudumu kwa kidole kilekile. Lilizunguka kimya, likazunguka, mzee akanawa mikono, akajifuta, bado linazunguka. Nusura nitokwe na machozi. Nafundisha msuguano mwaka wa kumi na sita huu, na sijawahi kuuona ukiondoka mbele ya macho yangu namna ile.

Kesho yake njia iliyokuwa inanichukua nusu saa kwa miguu niliimaliza kwa dakika 12. Jirani nilimwacha kwenye kona ya kwanza, nikamsubiri baharini. Goti kimya.

Sasa hukumu yangu ni ipi? Baiskeli ni nzuri, lazima niwe mkweli. Fremu haina ufa, rimu zimenyooka, na kwa bei ile plus elfu nane za mzee sijui ningepata nini bora zaidi. Nilipoanza kuandika nilitaka kusema wizi mtupu, na si wizi. Hata swali lake nimeshasema ni zuri. Limeingia kwenye somo langu la mashine rahisi, na darasa zima lilitoka nje kuhesabu meno ya baiskeli zilizoegeshwa ukutani. Kwa hiyo nendeni, kanunueni?

Hapana. Ninapofikiria kile kigoda hasira inarudi. Ilikuwa kazi ya kidole kimoja. Angelisukuma lile gurudumu mara moja tu angejua, na nina hakika alijua, maana mtu haipaki cheni oili juu juu kwa bahati mbaya. Akachagua kuilaumu miguu yangu mbele ya mtoto ninayemfundisha.

Jirani naye sasa anataka baiskeli. Juzi aliniuliza aende wapi, na nikajisikia nikimtajia duka lilelile, kwa sababu mzigo wao ni mzuri kuliko wa wengine. Tumekubaliana kwenda Jumamosi. Pampu nitabeba yangu, na kabla hajatoa shilingi tutaipindua baiskeli palepale mlangoni, mbele ya wateja, tulisukume gurudumu kwa kidole.