Klipu kando ya ziwa: kazi safi, ruhusa ndiyo inachosha

Tulichukua bajeune ba video ba hapa Goma kwa klipu ya korale yetu na kazi yabo iko muzuri sana, maji inapiga kwa majiwe ya volkano unaiona inang'aa, na bei haikubadilika hata franga moja. Shida ilikuwa ruhusa. Tulikuwa batu bane, kamera moja na miguu yake, lakini hata kifuniko ya kamera haiyatoka, benye kutoa ruhusa banatuomba karatasi na makuta, bei haiko imeandikwa fasi yoyote, tunangoja, jua inapanda, ile mwangaza ya asubui tuliamukia saa kumi ikaisha.

Sikatae sheria: timu kubwa ya magari na jenereta inaharibu majani na kufunga njia, balipe. Lakini Marekani, tangu mwezi wa kwanza 2025, kwa mbuga za taifa kundi ya chini ya batu 6 wasiosumbua wageni wala kuharibu kitu hawaombi ruhusa wala kulipa. Na sisi tunahitaji hivyo kabisa! Bajeune nabapa nyota tano, ila mukienda nabo mutafute karatasi siku moja mbele.