Harrier, CX-5 au Forester? Gari la familia lenye hadhi, kwa maneno ya walioliendesha miaka miwili

Mtu aliyetoa gari bandarini juzi atakusifia hadi harufu ya viti. Huyo mimi simwulizi. Namtafuta aliyekaa nalo miaka miwili, aliyeshanunua tairi nne kwa mpigo, aliyekwenda nalo Moshi Krismasi akiwa na watoto watatu, shemeji mmoja na mkungu wa ndizi wa kurudi nao. Huyo ndiye anayejua gari, maana katika mwezi wa kwanza kila gari ni zuri.

Mwongozo huu ni wa mtu wa aina moja: ana familia ya watu wanne au watano, anaishi Goba, Kimara, Bunju au mahali penye barabara ya vumbi kidogo kabla ya lami, anataka gari la juu lenye heshima, na pesa yake inatosha gari lililotumika la kutoka Japani. Kwa mwenye uwezo wa Prado, au anayetafuta kirikuu cha biashara, humu hakuna kitu.

Kabla ya kutaja gari lolote, tuongee habari ya ujazo wa injini, kwa sababu hapo ndipo watu wengi wanapoumizwa bila kujua. TRA, mamlaka ya mapato, wanatoza ushuru wa forodha 25% na VAT 18% kwa kila gari la namna hii, lakini ushuru wa bidhaa unategemea injini: 5% kwa injini inayozidi cc 1000 lakini haizidi 2000, na 10% ikizidi hapo. Juu yake kuna adhabu ya uzee: gari likifikisha miaka 8 linaongezewa 15%, na likipita 10 linaongezewa 30%. Kwa hiyo Toyota Harrier ya cc 1986 na nyingine ya cc 2487 zinaweza kuuzwa bei moja Yokohama na bado zikaachana kwa mamilioni Dar. Kikokotoo cha kodi za magari yaliyotumika kiko kwenye tovuti ya TRA. Ingiza mwaka na modeli kabla hujamtumia mtu hata dola moja, na urudie tena baada ya bajeti ya Juni. Wenzetu Kenya hawana hata nafasi ya kulipia uzee: gari lililozidi miaka 8 haliingii kabisa.

Ya kwanza: Harrier "Anaconda", cc 2000 isiyo na turbo

Najua, si jibu la kushangaza. Mtaani tunaijua Harrier kwa majina ya utani kuliko kwa namba za kiwanda. Ile ya 2003 ni "tako la nyani", na iliyozinduliwa mwishoni mwa 2013 ndiyo "Anaconda". Watu wengi hawajui kwamba Harrier za vizazi viwili vya mwanzo ziliuzwa nje ya Japani kama Lexus RX. Anaconda ndiyo iliyoachana na Lexus ikabaki gari la Wajapani wenyewe, na pale mbele bado ina nembo ya ndege wa aina ya mwewe badala ya ile ya Toyota. Nembo hiyo imeuza magari mengi Dar kuliko matangazo yoyote.

Wanaoiendesha wanasifu mambo matatu bila kuambizana. La kwanza ni utulivu wa ndani: unafunga kioo Ubungo saa kumi na mbili jioni, kelele za bodaboda zinabaki nje. La pili ni kiti cha nyuma, ambacho watu wazima watatu wanakaa bila kugombana. La tatu ni spea. Injini yake ni ya 3ZR, ndugu wa injini zilizomo kwenye magari mengine mengi ya Toyota, na fundi wa Kariakoo hahitaji kuagiza nati kutoka nje.

Malalamiko nayo yanafanana. Vitufe vya AC si vya kubonyeza bali vya kugusa, kwa hiyo barabara ikiwa na mashimo kidole kinatua pasipotakiwa, na vumbi na alama za vidole havitoki hapo. Injini hii ina nguvu za farasi 151, zinazotosha mjini, lakini ukiwa umejaza watu unapanda Kitonga utaisikia inalia bila kukimbia. Hiyo ni tabia ya gia boksi ya CVT, isiyo na gia za hatua: inapandisha mlio kwanza, mwendo unakuja baadaye. Asiyeizoea anadhani gari limeharibika. Kitu cha kuogopa kweli ni mfumo wake wa Valvematic unaosimamia vali. Kidhibiti chake kikifa, taa ya injini inawaka, nguvu zinapungua, na bei ya kipuri hicho haina utani. Kinga yake ni oili safi, kwa wakati.

Kuhusu mafuta, Toyota waliandika kilomita 16 kwa lita kwa ile inayovutwa na magurudumu mawili. Vipimo hivyo vilifanyika Japani, havikupita Mwenge. Ninachosikia mara nyingi kwa madereva wa mjini ni kati ya 8 na 10, na safarini inapanda vizuri ukiheshimu zile 50 za vijijini, ambazo trafiki watakukumbusha hata usipotaka.

Ukichagua, angalia tairi. Matoleo mengi ya Elegance yanavaa rimu za inchi 17, saizi 225/65. Toleo la Premium linavaa za 18, saizi 235/55. Zile za 18 zinapendeza kwenye picha, ila ukuta wa tairi ni mwembamba, na kwenye barabara ya Goba ya ndani tofauti inafika hadi kiunoni. Jirani yangu alinunua Premium, miezi mitatu baadaye akarudi kwenye 17. Tangu 2017 lilipoguswa sura, kuna mfumo wa breki za tahadhari na kamera inayotazama mstari wa barabara. Kwa kuwa za mwanzo, za 2013 hadi 2015, zinaweza kubeba adhabu kubwa zaidi ya uzee, hiyo ya 2017 kuendelea mara nyingine inaishia bei ileile ukishalipa kodi. Piga hesabu zote mbili.

Ya turbo, ya nguvu 231, ilikuja nayo 2017 na ina gia sita za kawaida badala ya CVT. Ni tamu. Lakini turbo inataka petroli nzuri na oili isiyochelewa, na mtu wa kubadili oili "nikipata nafasi" aiache.

Ya pili: Mazda CX-5 ya petroli

Hapa ndipo wapenda kuendesha wanaponigombeza, na kwa upande wa usukani wako sahihi. CX-5 ina gia sita za kawaida, si CVT, ukikanyaga inaondoka. Iko juu ya ardhi milimita 210, zaidi ya Harrier, na ile iliyotoka 2017 ina dashibodi ambayo ukimkalisha mtu asiyejua magari atadhani ni ya Mjerumani. Dereva mmoja aliyetoka Harrier kwenda CX-5 aliniambia kwamba sasa anaamka mapema Jumapili kwenda sokoni kwa hiari yake.

Kwa nini basi ni ya pili? Siku ya kuuza. Wanunuzi wa CX-5 wapo, lakini wanakuja mmojammoja na wanabembelezana bei. Harrier unaitangaza asubuhi, jioni simu imechoka. Spea nazo zinapatikana, ila mara nyingi utaambiwa "njoo kesho kutwa". Chukua ya cc 2000 ubaki kwenye ushuru wa 5%. Ya 2500 ni bora barabara kuu, ila umeshahamia kwenye 10%.

Ya dizeli siiweki popote kwenye orodha hii. Ina nguvu ya kuvuta isiyo ya kawaida kwa gari la ukubwa wake, na kwenye mnada wa Japani unaweza kuikuta kwa bei ya kutamanisha. Tatizo ni kichujio cha masizi kwenye ekzosi. Kichujio hicho hujisafisha kwa kuyachoma masizi, na ili kiyachome kinahitaji gari likimbie mfululizo likiwa na joto. Maisha ya kwenda shule kilomita 4 na kurudi, nusu yake umesimama kwenye foleni, yanakiziba. Mazda wenyewe waliwahi kuziita dizeli hizo zirudi kurekebishwa huko Japani kwa sababu ya masizi. Kama unaishi Dodoma na unashuka Dar kila wiki, hayo ni mazungumzo mengine.

Ya tatu: Subaru Forester

Wa Lushoto, Mufindi na Makete wameshakasirika kuona namba tatu. Wana haki. Mvua ikinyesha kwenye udongo mwekundu, Forester inaondoka huku hizi nyingine zikitafuta watu wa kusukuma: magurudumu yake manne yanavuta muda wote, na chini ina milimita 220. Vioo vyake ni vikubwa, dereva anaona kona zote, na mama mfupi hahitaji mto wa kukalia.

Lakini mimi naandikia familia ya mjini. Ndani ya ile ya 2012 hadi 2018 hakuna hadhi ya Harrier. Ni plastiki ya kazi. Injini yake imelala, silinda zinatazamana kushoto na kulia, kwa hiyo hata kubadili plagi ni kazi ya mtu anayejua mkono wake unapita wapi. Tafuta fundi wa Subaru kabla ya kutafuta Subaru. Ile hofu ya zamani ya mkanda wa injini haihusu hizi, zinatumia cheni. Iliyokuja 2018 imependeza sana ndani, ila ya petroli tupu ilianza na cc 2500, na unajua sasa maana yake. XT ya turbo, ya kizazi kile cha 2012 hadi 2018, ina nguvu 280. Kama wewe ni baba wa watoto watatu na unaiulizia, zungumza kwanza na mwenzako.

Ya nne: Harrier mpya, ya 2020 kuendelea

Kwa uzuri, hili lingekuwa la kwanza. Marekani liliuzwa kwa jina la Venza. Limeteremka kidogo, mgongo umelala kama gari la michezo, na toleo la Z linaweza kuja na paa la kioo linalojifanya jeupe ukibonyeza kitufe. Haibridi yake imeandikiwa kilomita 22.3 kwa lita kwa kipimo cha Kijapani, na walionayo wanasema foleni ndiyo inayoipendeza, kwa kuwa injini inazimika na gari linasogea kwa umeme. EWURA wakitangaza bei mpya za mafuta Jumatano ya kwanza ya mwezi, hawa hawana presha kama sisi.

Nimeliteremsha kwa sababu ya bei, na kwa sababu ya buti. Mgongo ule uliolala umekula nafasi: lita 409, na mkungu wa ndizi hauinami. Ndege naye ameondolewa pale mbele, ikawekwa nembo ya Toyota. Unacheka, lakini kuna watu wamerudi kwenye Anaconda kwa ajili hiyo tu.

Haibridi ya Anaconda, kwa upande mwingine, ikaguliwe kwa makini. Betri yake iko chini ya kiti cha nyuma na inapozwa na hewa ya humohumo ndani. Tundu la hewa likizibwa na vumbi, begi la shule au juisi iliyomwagika, betri inachemka na kuzeeka kabla ya wakati.

Na wenye watoto wengi

X-Trail iliyotoka mwishoni mwa 2013 inapatikana na viti saba, injini cc 1997. Safu ya tatu ni ya watoto. Mtu mzima akikaa huko kutoka Dar hadi Segera hatakusalimia. CVT yake inataka oili yake mwenyewe na haisamehe joto la mlima mrefu na mzigo. Mazda CX-8 ndiyo yenye viti saba vya adabu, lakini tafuta ya petroli, na ujipange kwa ushuru.

Siku ya kununua

Ukiagiza, dai karatasi ya mnada na uisome mwenyewe. Daraja la 4 au 4.5 ni zuri. R au RA maana yake gari liliwahi kurekebishwa baada ya ajali. Kwenye mchoro, A ni mkwaruzo, U ni kubonyea, W ni pale palipopigwa rangi na kunyooshwa, XX ni kipande kilichobadilishwa.

Ukinunua hapahapa, usiamini kilomita za kwenye dashibodi. Niliwahi kuonyeshwa gari yadi fulani likisoma 48,000, pedali ya breki imelika hadi chuma na ngozi ya usukani inang'aa kama sufuria. Nilimwuliza dalali, akasema mwenyewe alikuwa na mguu mzito.

Liwashe asubuhi likiwa baridi. Endesha polepole, kisha simama mlimani uondoke: CVT iliyochoka inatetemeka au inachelewa. Lipimwe kwa kompyuta na fundi wako, si wao. Na kama lina redio ya Kijapani, ulizia kadi ya SD ya ramani imo. Isipokuwemo, siku betri itakapotolewa redio itafunga mdomo na kukuandikia Kijapani. Na hata ikiwemo, stesheni nyingi za Dar hazitashika mpaka ufunge kile kifaa cha kushusha masafa.

Halafu nenda na mama mkwe. Mwambie apande nyuma mwenyewe bila kushikwa mkono, afunge mlango, kisha ashuke. Harrier mpya na CX-5 hapo ndipo zinapoanza kupoteza alama.